Jinamizi la Saa Nane Mchana

Singapuri, 3 Juni 1990

Mama Kaeo,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo maana nakujua, utaruka mistari yote ukilitafuta.

Msalimie mama yako na miguu yake. Msalimie Mzee Phuang, mkuu wetu wa kijiji, na mkewe. Mwambie mama yake Thongdi kwamba mwanawe tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na anakula mpaka tunaogopa kitanda kitavunjika. Wasalimie wote wa upande wa hekaluni na wa upande wa bwawani. Kaeo mwambie baba amemnunulia mkebe wa rangi, asiutangaze shuleni kabla haujafika.

Salamu zimekwisha. Haya yanayofuata ni yako peke yako.

Tangu mwezi uliopita wametuhamishia zamu ya usiku. Tunamwaga zege ndani ya handaki, huko chini hakuna tofauti ya jua na mwezi. Asubuhi tunapandishwa juu, tunaoga, tunalala kwenye bweni la bati wakati watu wengine wanakwenda sokoni. Ni joto. Unalala kama samaki juu ya makaa.

Mama Kaeo, jinamizi limenikalia. Si mara moja. Linakuja saa nane mchana, jua likiwaka, bila haya. Macho yangu yanakuwa wazi. Naona taulo la Thongdi linaning'inia, nasikia feni inazunguka, lakini hata kidole siwezi kukisogeza. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Halafu nasikia mtu yuko miguuni pangu. Anapanda kitandani. Ananikalia kifuani, na pumzi inakuwa nyembamba kama uzi.

Nimemwona uso. Ni Nuan. Nuan mjane wa Bunma. Amevaa lile shuka lake la bluu.

Unajua Bunma alikufaje. Alilala akiwa mzima kwenye bweni kama hili, akarudi kijijini ndani ya sanduku, na wazee wakasema mzuka mjane umemchukua awe mume wake. Sasa nami naogopa kulala. Juzi nilisinzia nimesimama ukingoni mwa shimo, Thongdi akanidaka mkanda wa suruali. Alinitukana matusi ambayo mama yake asiyasikie.

Niambie nifanye nini. Usimwambie mtu.

Mumeo,
Khamphan


Nong Waeng, 19 Juni 1990

Baba Kaeo,

Barua yako niliisikia kabla sijaiona.

Umesahau kwamba barua zote zinashukia nyumbani kwa Mzee Phuang? Umesahau kwamba barua ikitoka ng'ambo anaifungua asubuhi mbele ya kile kipaza sauti chake, anawasomea watu salamu zao kabla hawajaenda mashambani? Amefanya hivyo miaka yote. Tulikuwa tunafurahi. Nilikuwa jikoni napika wali wa kunata, nikamsikia: "Mama Thongdi, salamu zako. Upande wa bwawani, salamu zenu." Nikatabasamu kama mjinga. Kisha akafika pale ulipoandika salamu zimekwisha, na wewe unamjua, akishika kile kipaza sauti hajui kukiweka chini. Akaendelea.

Basi kijiji kizima, pamoja na mbwa wake, kimejua kwamba kuna mwanamke anampanda mume wangu kifuani saa nane mchana, na si mimi.

Jioni ile ile kila nyumba yenye mwanamume ilikuwa imetundika shati jekundu langoni, na chini ya shati ule uume wa mti, umechongwa ukapakwa rangi, ili mzuka mjane ukija ukidhike na ule ukapite. Mzee Phuang ametundika mkubwa kuliko wote. Mkewe anasema alikuwa anajipendelea. Mimi nimetundika shati lako la harusi.

Nuan nimekutana naye kwenye bomba la maji. Nikamwuliza mbele ya watu, "Dada Nuan, Singapuri kuna joto siku hizi?" Watu wakacheka. Aliweka ndoo chini, akaniangalia, akaibeba tena bila kuijaza.

Na wewe nakuuliza, Baba Kaeo: wajane wamejaa kijiji hiki. Yupo Mama Bunpheng, hana jino hata moja. Kwa nini akujie huyu mwenye miaka thelathini na mbili na kiuno chake bado kizima?

Ninakutumia rangi ya kucha nyekundu, rangi ya mdomo na gauni langu la zamani la kulalia. Unajua kazi yake. Mzuka unatafuta wanaume. Ukikuta kucha nyekundu utadhani ni bweni la wanawake, utapita. Jipake. Na usingizini ukimwona tena, mwambie una mke.

Lamduan


Singapuri, 1 Julai 1990

Mama Kaeo,

Kifurushi kimefika na nimejipaka. Thongdi alinicheka nusura aanguke kutoka kitandani, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, nami nipake kidogo." Baada yake wakaja wa kitanda cha pili, na cha tatu. Sasa bweni zima la watu wa kwetu tunashika makoleo kwa kucha nyekundu. Msimamizi wetu Mchina alitupanga mstari akatazama mikono yetu, akauliza kama Jumapili kuna harusi na kwa nini hakualikwa. Tabu ni kwamba simenti inakula rangi. Kila baada ya zamu lazima tujipake upya, tumekaa tunapuliza vidole kama mabinti. Gauni lako nimelivaa. Linanibana mabegani.

Lakini anakuja. Rangi haimzuii.

Sasa naona una hasira na mimi, na hasira yako naipenda, inanionyesha bado nina mke. Ila sikiliza. Mimi simwiti. Anakuja mwenyewe. Ningekuwa na uwezo wa kumwita mwanamke avuke bahari, ningekuita wewe na bakuli la papai lililotwangwa kwa pilipili. Huyu ananikalia tu, ananiangalia, na safari hii nimemsikia anasema neno. Anasema, "Rudi." Basi.

Jambo moja la kuchekesha. Tunafanya kazi na Mbangladeshi anaitwa Motaleb, mtu mpole. Kwa maneno yetu machache na mikono mingi nilimweleza ninachopata. Akanishika bega, akasema naye hukaliwa. Lakini wake ni bubu, dume, anamziba mdomo ili naye awe bubu. Nikamwambia afadhali wako, hana kiuno cha kumkasirisha mke wangu.

Nimechoka, Mama Kaeo. Nalala nikikaa, mgongo kwenye ukuta, ili asipate pa kukalia. Wote huko nawasalimu.

Khamphan


Nong Waeng, 20 Julai 1990

Baba Kaeo,

Barua hii haikupita kwa Mzee Phuang. Mwalimu wa Kaeo ameipeleka mjini kwa baiskeli yake, nawe jibu kwa anwani ya shule niliyoiandika nyuma ya bahasha. Soma taratibu. Mzaha umekwisha.

Barua yako ile ya rangi za kucha nayo ilisomwa. Nilimwomba Mzee Phuang anipe mkononi. Akasema sasa ni jambo la usalama wa kijiji. Alipofika pale uliposema "Simwiti, anakuja mwenyewe," alirudi nyuma akaisoma tena. Na pale ulipoandika anakwambia "Rudi," akaisoma mara tatu.

Wewe uliandika kunituliza. Wao walisikia ushahidi.

Wiki hiyo hiyo ndama wa Mzee Phuang akafa. Mkewe akaumwa tumbo. Basi ikawa Nuan si mjane tu, ndani yake kuna mzuka mla maini ya watu. Eti alianza na maini ya Bunma, mumewe mwenyewe, akayala kutoka hapa hapa, na sasa anamwita Khamphan arudi amle karibu. Kuna mganga ng'ambo ya mto anayewatoa wala maini kwa fimbo. Umewahi kumwona akifanya. Mimi pia. Yule mama wa kijiji cha Ban Kho hakutembea sawasawa tena. Ameitwa aje mwisho wa mwezi wa nane, na Mzee Phuang ametangaza kwamba Nuan kama hataki fimbo aondoke kabla ya siku hiyo na binti yake. Hakusema aende wapi.

Unajua sasa ni wakati wa kuhamisha miche ya mpunga. Tulikwenda wote kwa mama Thongdi, wakaja wote kwetu, tukaenda wote kwa Mzee Phuang. Ilipofika zamu ya shamba la Nuan, hakwenda mtu; ndama amekufa siku ile ile, yeye yuko majini watu wakimtazama kwa mbali. Yeye alikuwa amekuja kwenye mashamba yote hayo kabla, mwaka huu, hata letu. Alipanda mistari yangu ya upande wa mtaro.

Juzi nilipita kwenye tuta nikiwa na kapu la samaki wa kuvundika. Nikamwona yuko ndani ya maji na binti yake, wameinama wawili katika shamba lile lote. Miche yake kitaluni imeanza kuwa njano. Hakuinua kichwa. Binti ndiye aliyeinua, akanipungia mkono kama zamani, mama yake akamshusha mkono ule.

Baba Kaeo, mimi ndiye niliyemtania bombani. Kila akienda kuteka maji anapita mbele ya mashati yote yale na miti yote ile, na shati la kwanza njiani ni lako. Nataka kulishusha, naogopa. Nikilishusha nikasikia umekufa, nitajiuliza nini?

Kwa hiyo niambie kweli, si ya kunituliza wala kunichekesha. Ni yeye, au si yeye? Kama ni yeye, sitasema tena. Kama si yeye, sema kwa maneno ambayo yanaweza kusomwa kwenye kipaza sauti, maana yaliyofungwa na kipaza sauti hayafunguliwi kwa kunong'ona.

Lamduan


Singapuri, 5 Agosti 1990

Mama Kaeo,

Niliposoma barua yako niliisoma nimesimama. Nilikaa baadaye.

Sikujua. Mtu anaandika ndoto yake kitandani, huko mwanamke ananyimwa wa kumsaidia shambani.

Jumapili iliyofuata barua yako nilikwenda hekaluni kwetu huku kumwomba mtawa dawa. Mtawa akanionyesha kwa kidevu meza iliyokuwa barazani, akasema, "Kaanzie pale." Pale alikaa daktari mwanamke, Dakta Wilai, mtu wa Khon Kaen, anasema lugha yetu kabisa, hadi matusi. Amekuja kupima vijana wa mabweni kwa ajili ya hawa wanaokufa usingizini kama Bunma. Yaliyobaki nimeyaweka kwenye karatasi ya pili, ambayo ni ya kipaza sauti. Nimeianza kwa salamu kama kawaida. Mzee Phuang akishaanza salamu hawezi kujizuia, anapenda sauti yake. Akikataa, fanya unavyoona. Una mdomo, mimi ndiye niliyeuoa.

Khamphan


KARATASI YA KUSOMEWA WATU WOTE

Mzee Phuang, shikamoo. Mama Thongdi, mwanao mzima. Upande wa hekaluni, upande wa bwawani, nawasalimu. Wote ambao mna ndugu huku, wote wazima na wanafanya kazi.

Mimi ni Khamphan mume wa Lamduan. Niliishia darasa la nne, wengi wenu tulikaa benchi moja. Mlisikia barua zangu mbili, naomba mzisikie na hii.

Nilimwona daktari, akaona kucha zangu. Akaniuliza, "Kaka, hizi za mapenzi au za woga?" Nikasema za woga, dakta. Akasema, "Kaa. Wewe ni wa woga wa kumi na ngapi leo sijui."

Nikamweleza yote. Hakucheka. Akaniuliza nalala saa ngapi, nalala vipi, mgongo au ubavu, nimechoka kiasi gani. Kisha akanieleza hivi. Mtu anapoota, ubongo humfunga mikono na miguu, asije akampiga teke aliyelala naye. Kila mtu hufungwa hivyo kila siku na hajui. Lakini mtu aliyechoka sana, aliyegeuza usiku kuwa mchana, anayelala chali, wakati mwingine akili yake inaamka kabla kamba hazijafunguliwa. Anaona chumba, anasikia feni, mwili haumtii. Anataka kuvuta pumzi kubwa, kifua nacho hakimtii, basi anahisi uzito. Akili inasema, nimeshikwa. Nani amenishika? Na kwa kuwa nusu yake bado iko ndotoni, inamchora wa kumshika.

Nikamwuliza, inamchora kwa nini Nuan? Mimi na Nuan hatuna neno.

Akasema, "Inachora kwa rangi iliyonayo. Bibi yako alikufundisha nani hukalia wanaume?" Nikasema mzuka mjane. "Na mjane gani ulimwona kwa macho yako, ambaye mumewe alikufa kama unavyoogopa kufa wewe?" Nikasema Nuan. "Haya. Ungekuwa Mchina ungeona mwingine."

Hapo nikamkumbuka Motaleb na bubu wake. Motaleb ni Mbangladeshi. Hajawahi kufika Nong Waeng, hamjui Nuan, bibi yake hakumsimulia habari za mzuka mjane. Anakaliwa vile vile, saa zile zile, baada ya zamu ile ile, ila anaona wa kwao. Sasa niambieni, Nuan anavaa ndevu akienda kitandani kwa Motaleb? Nimeuliza na Wamalei wa kwenye mtambo wa kuchanganya zege. Nao wana wao. Tumechoka sote, kila mmoja anakaliwa na mtu wa kijijini kwao.

Kuhusu neno lile, "Rudi." Daktari aliniuliza, "Nani alikwambia neno hilo kwa mara ya mwisho?" Nikafikiri mke wangu, nikafikiri mama. Halafu nikatazama mkono wangu. Siku nilipoondoka mlikuja wote kunifunga nyuzi za baraka mkononi. Mnakumbuka aliyekuja mwisho, mkiwa mmeanza kula? Alikuwa Nuan, amevaa shuka lile la bluu. Alinifunga uzi, akasema, "Rudi mzima. Usirudi kama wangu." Uzi ule bado ninao, umekuwa wa rangi ya simenti. Neno nililoliogopa usingizini lilikuwa baraka yake, na mimi nimeirudisha kijijini kama kesi.

Nilimwuliza daktari kuhusu wanaokufa. Nilitaka ukweli, kwa sababu nami nalala hapa. Akasema kukaliwa ni kitu kimoja, kufa usingizini ni kingine, sisi ndio tunaovifunga pamoja kwa kamba ya woga. Anayekaliwa huamka. Ameongea na mamia waliokaliwa, wote wazima. Thongdi akasema, "Dakta, waliokufa wangekuja vipi kukusimulia?" Akacheka, akasema swali zuri, ndio maana amewapima mioyo. Wanaokufa, yeye na wenzake wanaona ni ugonjwa wa moyo, moyo unakosea mapigo yake mtu akiwa amelala. Hawajaujua wote, wanautafuta. Lakini ni moyo. Si mwanamke. Akanisikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, akaupima kwa mashine, akasema uko sawa, kalale. Kalale ubavu.

Mzee Phuang, nakuheshimu kama baba yangu. Ndama wako sijui alikufa na nini, daktari huyu ni wa watu. Lakini siku alipokufa Nuan alikuwa wapi? Mnajua alikuwa wapi. Alikuwa shambani, na mlimwona, kwa sababu nyote mlikuwa mnamtazama akipanda peke yake.

Mimi ndiye niliyemtaja. Hakuna mwingine aliyemwona Singapuri ila mimi. Basi na mimi ndiye ninayesema: hakuja. Nilikuwa peke yangu kitandani, nimechoka, naogopa, na gauni la mke wangu limenibana.

Ni mimi, Khamphan


Nong Waeng, 26 Agosti 1990

Baba Kaeo,

Kaa chini, barua hii ni ndefu na mkono wangu una matope.

Mzee Phuang aliipokea karatasi yako alfajiri, akaanza salamu kama ulivyosema, kwa sauti ya kuhubiri. Mimi nilikuwa nimekaa ngazini kwake. Akasoma mpaka kucha za woga, watu wakasikika wakicheka hadi upande wa bwawani. Akafika kwenye jina la Nuan. Akakohoa. Akatupa jicho mistari ya chini, akaona yanayomhusu ndama wake. Akasema kwenye kipaza sauti, "Wananchi, mashine imeharibika," huku mashine ikimtangaza vizuri kabisa.

Nikaingia. Nikamwambia, "Baba, pumzika, una kikohozi. Hii ni barua ya mume wangu." Nikakaa kwenye kiti chake. Mashine ikapona.

Sijawahi kusikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye paa la hekalu. Nilisoma polepole, hata pale pa gauni nilisoma, Baba Kaeo, unisamehe, sikuona haki kuwasomea ya wengine nikaficha yetu. Nilipomaliza niliongeza ya kwangu. Nikasema, "Mimi Lamduan ndiye mke wa huyo aliyekaliwa. Mwenye haki ya kugombana na Nuan ni mimi, na sina ugomvi. Leo nakwenda kupanda shambani kwake." Nikazima.

Nilishusha shati lako kwanza. Halafu nikashika njia. Nikiwa kwenye tuta nilijua niko peke yangu, nikasema basi, tutakuwa watatu. Nikaingia majini bila kusalimu, nikachukua fungu la miche. Nuan alinitazama. Nikasema, "Dada, mstari wako umepinda." Akasema, "Wa kwako mwezi uliopita ndio ulipinda, niliunyoosha mimi." Tukainama.

Baadaye kidogo nikasikia maji yanapigwa nyuma yetu. Mama yangu, na miguu yake ile. Nyuma yake mama Thongdi, anasema amekuja kwa sababu mwanawe ametajwa kwenye barua. Kisha mwalimu na watoto wa shule. Kufikia wakati wa kula tulikuwa shamba zima, na mke wa Mzee Phuang ameleta wali, anasema tumbo limepona tangu alipoacha kula embe mbichi. Miche iliyokuwa njano tumeichanganya na iliyobaki ya kwetu. Itashika.

Mzee Phuang mwenyewe alikuja jioni, akasimama ukingoni na viatu. Akasema amempelekea mganga habari asije, barabara ina matope. Mtu akamwambia, "Mzee, na ule mti wako langoni?" Akasema ule ni mapambo. Asubuhi yake haukuwapo.

Sasa jambo lenyewe. Nuan aliniomba nimsomee tena ile sehemu ya moyo, peke yake, tukiwa tumekaa kwenye tuta tunaosha miguu. Nikamsomea. Akaniambia soma tena. "Ni moyo. Si mwanamke." Akaanza kucheka, nami nikaanza kuogopa, halafu nikaona analia. Akasema, "Lamduan, miaka miwili nimekuwa mke mwenza wa mzuka. Kila mtu ananiambia pole, mumeo alichukuliwa na mwanamke mwingine. Nalala namuuliza Bunma, alikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho? Kumbe alikufa akiwa wangu."

Nilimsugua matope ya mgongoni.

Amenipa salamu zako. Anasema, mwambie Khamphan sijafika Singapuri na nauli sina, lakini huyo anayekuja kwa sura yangu asimfukuze kwa ubaya, amwambie tu akapumzike, naye amechoka kusafiri.

Mimi yangu ni haya: lala. Ubavu.

Lamduan


Singapuri, 9 Septemba 1990

Mama Kaeo,

Barua yako niliwasomea bweni zima. Ilipofika pa "mashine imeharibika" Thongdi alianguka kutoka juu, safari hii kweli, na ana nundu.

Rangi ya kucha imekwisha na hatukununua nyingine. Wawili watatu bado wanajipaka. Daktari alisema kama inamtuliza mtu, mwache, woga nao ni mzigo. Gauni lako nimelifua, nitalirudisha mwenyewe.

Jana alikuja. Nilikuwa nimelala ubavu, nadhani nikageuka chali kwa uchovu. Taulo lile, feni ile, uzito ule. Daktari alikuwa amenifundisha nisipigane, nitafute kitu kidogo kabisa cha kusogeza. Nikalitafuta dole gumba la mguu, halikutaka. Nikajaribu kidole cha mwisho. Wakati nakitafuta yeye alikuwa pale na shuka lake la bluu, na kwa mara ya kwanza nilimtazama bila kutaka kukimbia. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka shambani. Akasema, "Rudi." Nikamjibu moyoni, nitarudi, dada, mzima. Kapumzike.

Kidole kikasogea. Nikaona mbao za kitanda cha Thongdi, basi.

Nikageukia ukutani, nikalala. Nililala kama tulivyokuwa tunalala siku ya mwisho wa mavuno, mdomo wazi. Thongdi anasema aliniita, akanitikisa, akanimwagia maji, nikamwambia akamwite bubu wa Motaleb anisaidie kuamka. Gari la zamu likaondoka bila mimi. Nilifika handakini kwa miguu, nimechelewa, na msimamizi akanifokea mbele ya watu wote, Kichina na Kiingereza na kidogo cha kwetu.

Nilisimama pale nikimtazama, nimeshiba usingizi, nikitabasamu kama mjinga.

Mumeo,
Khamphan